Ndege Iliyonuka Ndagala

Jirani yetu akianika ndagala, mimi nafunga dirisha. Watu wananiona najidai: binti wa Buyenzi, mzaliwa wa kando ya ziwa, anakunjia pua visamaki vidogo namna ile! Wengine huniuliza kama nina mimba. Waache wacheke. Hawajui kwamba harufu ile, ikipata joto kidogo tu, inanirudisha ndani ya ndege.

Na msidhani nimewahi kupanda ndege. Mimi ni mtu wa nyumbani, safari moja ya Kigobe, hapahapa mjini, inanichosha mwezi mzima. Ndege yangu ilikuwa ndani ya kompyuta, kompyuta ilikuwa sebuleni, na sebuleni ndiko nilikolala, kwenye mkeka, pua yangu usawa na matundu yake.

Aliyetuletea balaa hilo ni Mjomba Radjabu. Alilinunua kwenye nyumba moja ya matajiri wa Kiriri, wenyewe walipokimbia vita, akaliweka msimu mzima wa mvua katika stoo yake ya ndagala, katikati ya magunia. Alipolileta kwetu aliapa kwamba amelifuta. Labda alilifuta kwa ndagala. Siku ya kwanza kaka yangu Swedi alipoliwasha, feni ilikohoa, ikatupulizia usoni unga wa magamba, kisha mende mkavu akadondoka mezani, miguu juu. Chini ya kitufe kirefu cha kibodi palikuwa na kichwa cha ndagala, kimenikodolea macho. Lilipopata moto, lo! Uozo uliokaangwa upya, wenye chumvi, na mkojo wa panya kwa mbali. Nilitema mate mpaka koo likaniuma.

Swedi hakunusa kitu. Alikuwa na miaka kumi na sita, na ndani ya lile boksi alikuta mchezo wa kuendesha ndege, wote kwa Kifaransa. Siku hizo mabomu yalikuwa yakishuka kutoka milimani, na vijana wa umri wake walitoka kwenda kununua mkate wasirudi. Mama alikuwa na dua moja tu duniani: Swedi akae ndani. Nami nilikuwa na yangu: boksi litoke nje.

Kabla ya kuruka ilibidi uchague ndege ya kuanzia. Kulikuwa na dude la injini nne, linang'aa kama sufuria ya harusi. Kulikuwa na nyingine nyembamba, iliyochongoka, yenye mabawa chini. Na mwisho kabisa, kama mbuzi mgonjwa aliyekosa mnunuzi, kulikuwa na kidude cheupe cha injini moja, mabawa yamewekwa juu ya paa kama ubao juu ya kichwa cha seremala, magurudumu yananing'inia. Chini yake pameandikwa avion-école.

"Avion-école? Hii apana," Swedi alisema. "Hii ni ya kupeleka batoto ku masomo. Mi siko dereva wa batoto."

Nilimwamini kabisa. Miaka mingi niliishi nikijua kwamba huko kwa wenzetu wanafunzi wanakwenda shule kwa ndege, na nikawachukia. Mama, aliyesimama mlangoni na pindo la kanga puani, alisikia neno moja tu, la shule.

"École? Basi chukua iyo iyo."

"Mama, iko ya batoto!"

"Na we uko muzee? Kama iko école, ibaki. Kama apana, Radjabu aje abebe uchafu wake leo."

Nilimwomba Mwenyezi Mungu Swedi abishe. Hakubisha. Akakichukua kile kidude kwa mdomo uliovimba, na mimi nikaendelea kulala na samaki.

Nawaambia, ndege ile ilichukiza kuitazama. Ilipanda polepole kama inzi aliyeangukia mchuzi. Na somo lake lilikuwa hilohilo kila siku: unaruka, unazunguka uwanja, unatua palepale ulipotoka. Hufiki popote. Mama, kutoka jikoni, kila injini iliponyamaza alipaza sauti: "Imerudi?" Swedi akajibu kwa kuchoka: "Imerudi." Hakuuliza hata mara moja ilikwenda wapi.

Jumamosi moja Swedi alichoka nayo. Milio ya risasi ilikuwa imeanza tangu asubuhi, umeme kwa bahati haukukatika, naye akachagua lile dude la injini nne. Kila alipoliinua, lilipiga kichwa chini. Sebule ikajaa joto la boksi, jasho la Swedi na uvundo wa stoo ya mjomba, nami nikakaa kona nikijiziba pua kwa soksi, ambayo nayo haikuwa na nafuu. Ndipo rafiki yake Abdu akapiga mluzi uani.

"Swedi we! Njo twende Buterere, tuone ndege ya kweli ikitua! Ama ungali unapeleka batoto shule?"

Swedi akavaa viatu. Mama hakupiga kelele. Alikuja, akavuta kiti, akaketi mbele ya boksi.

"Nifundishe. Iyo ya école."

"Mama, nakwenda."

"Utakwenda. Nionyeshe kwanza namna ya kuruka."

Kwa vile mchezo ulihitaji mikono miwili, ilibidi aachie kanga. Uso wake ukageuka rangi ya jivu. Akaruka, akaangukia majini. "Turudie." Akaruka, akaparamia miti. "Turudie." Kila mara alimeza mate kwa nguvu, jasho likimtiririka shingoni, na feni ikimpulizia unga wa magamba midomoni. Mimi nilicheka mpaka soksi ikadondoka. Swedi alisema ataondoka, akasema tena, huku akimshika mkono kumwelekeza, kwa kuwa hakuna kijana anayevumilia kuona ndege ikiendeshwa vibaya vile. Nje mluzi ulinyamaza, Abdu akaenda zake.

Alasiri Mama aliitua ndege upande upande, nusu kwenye nyasi. Safari hii hakuuliza. "Imerudi," alisema. Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimsikia akitapika, na hilo nalo likanichefua.

Abdu alizikwa kesho yake. Jeneza lilipopita mbele ya mlango wetu, Swedi alikuwa miongoni mwa wabebaji, kavaa viatu vilevile.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mama mdogo kwa nini kwetu hatukupika ndagala kamwe. Akacheka. "Mama yako? Tangu usichana, akizinusa tu, anatapika! Siku ya ndoa yake tulizificha kwa jirani." Sikucheka naye. Mimi niliyejiona bingwa wa kuchukia harufu ile, kumbe nilikuwa mwanafunzi tu.

Baadaye nikaambiwa pia kwamba avion-école ni ndege ya kujifunzia. Wanafunzi hawaipandi kwenda shule. Swedi alipojua, yeye hakuona kichekesho, maana siku hizi anaendesha basi dogo la shule. Dereva wa batoto.

Anarudi jioni, giza likiwa bado halijaingia. Mama sasa haoni vizuri, anakaa kitandani na tasbihi yake, na saa hiyo ikifika ananiuliza: "Imerudi?" Hataji mtu. Basi nafungua dirisha nisikilize injini, na ndagala za jirani zinaingia zote ndani. Nakunja pua. Naliacha wazi.