Ng'ombe wa India aliniangusha Lanham

Jamani, nichekeni taratibu. Niliwaambia akina mama wa kanisani kwamba likizo hii nazunguka vijiji vya India kwa baiskeli. Wakaniombea safari njema, na Mama Neema akaniagiza sari nyekundu. Kumbe niko jimu hapa Lanham, Marekani, juu ya baiskeli isiyokwenda popote, natazama India kwenye skrini na kuwatumia picha.

Jana ng'ombe wa kwenye skrini akakatiza barabara. Nikapiga kelele, "Toka!" Nikamkwepa kwa nguvu, nikaanguka pu!

Mwanamke wa mashine ya jirani akaja mbio kuniinua. Alikuwa Mama Neema. Akamtazama ng'ombe, akanipangusa magoti.

"Pole, mdogo wangu. Sari yangu umeipata?"