Nani Kakwambia Haya?

Chuoni walimwita Mama Kwa Nini, na jina hilo alilijua vizuri ingawa wanafunzi walidhani ni siri yao. Alikuwa amefundisha fasihi miaka ishirini na sita katika chuo kilekile, kwenye darasa lilelile la ghorofa ya kwanza lenye dirisha lisilofungika, na kila jibu alilopewa alilirudishia swali lake. Kwa nini unasema hivyo? Wapi kwenye kitabu? Wanafunzi walimwogopa mpaka katikati ya muhula, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kumwigiza kwenye foleni ya chakula.

Mumewe, fundi bomba mwenye mikono mipana na maneno machache, hakuwahi kusoma riwaya hata moja, lakini wahusika aliwajua wote. Mkewe alimsimulia vitabu mezani kila jioni, naye akawachukulia wale watu kuwa majirani. Alikuwa akinawa, anakaa, anauliza, "Yule mlevi karudi kwao?" Asiporidhika na jibu alinuna kweli. Binti yao wa mwisho alishakata tamaa; alisema amezaliwa na wazazi wanaosengenya watu wasiokuwepo duniani. Mwalimu aliipenda saa hiyo kuliko saa zote za siku. Bomba la jikoni, la fundi mwenyewe, lilikuwa likivuja mwaka wa tatu sasa, na hakuna aliyelalamika.

Muhula ule darasa lilisoma riwaya ya mama aliyewaacha wanawe watatu kwa dada yake, akaenda kufanya kazi kiwandani katika mji wa mbali, akarudi baada ya miaka sita. Swali la mtihani lilikuwa fupi: mama huyu aliwapenda wanawe? Mwalimu aliketi na karatasi arobaini na kalamu nyekundu, na karatasi ya tisa ikamchafua roho. "Mama huyu ni mbinafsi, na mwandishi anatutaka tumlaumu." Ushahidi hakuna, ukurasa hakuna. Akatoa nane kwa ishirini, alama ya kumrudisha mtoto wa watu kusoma somo upya muhula mzima, na pembeni akaandika kwa hasira: Nani kakwambia haya?

Siku karatasi ziliporudishwa, mwenye karatasi ile aligonga mlango wa ofisi. Alikuwa binti mpole wa safu ya nyuma, na mkononi alishika daftari kuukuu lililovikwa gazeti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya nane yako."

"Umeniuliza nani kaniambia." Binti akalifungua daftari mezani. "Ni wewe, Mwalimu. Hili ni daftari la mama. Ulimfundisha."

Mwalimu akavaa miwani. Tarehe ilikuwa ya mwaka wake wa pili kazini. Mwandiko ulikuwa safi, na kila neno lilikuwa lake yeye, mpaka kile kimzaha chake kuhusu kiwanda. Mama huyu ni mbinafsi. Mwandishi anatutaka tumlaumu. Alikuwa na miaka ishirini na saba wakati huo, hana mtoto wala hana shaka na jambo lolote. Aibu ikamshika mpaka masikio yakapata moto.

"Na mwaka huu hukusikia nikifundisha tofauti?"

"Nilisikia. Tukadhani unatutega, jinsi ulivyo. Na mama kwa jibu hilohilo alipata kumi na nane."

"Mlidhani? Wewe na nani?"

Binti akatazama viatu vyake. Daftari lilishatolewa kopi, na wenzake saba waliandika jibu hilohilo, kila mmoja kwa maneno yake.

"Niachie daftari hadi kesho," Mwalimu akasema. "Hiyo nane iache kwanza, usiililie."

Jioni alimweleza mumewe yote. Fundi alitafuna taratibu.

"Ulimsema sana yule mama," akasema. "Wakati huo ndiyo kwanza nakuchumbia. Nikaogopa hata kusafiri wiki moja."

"Nilibadilika lini?"

"Ulipotoka masomoni. Si ulimwacha mkubwa kwa mama yangu miaka miwili? Uliporudi ukakisoma kitabu kile unalia. Sikukuuliza."

Ilikuwa kweli. Mwaka ule alibadilisha somo kimyakimya, jinsi mtu anavyobadilisha shuka, bila kumwambia yeyote kwamba lile la kwanza lilikuwa chafu. Alipomaliza kutoa vyombo alilifungua tena daftari chini ya taa ya jikoni, na safari hii akaona penseli pembeni mwa ukurasa, imefifia karibu kupotea. Mama yangu mimi aliondoka hivyohivyo. Alitupenda.

Akampa mumewe. Fundi aliisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Huyu mtoto alikuwa anakujibu."

"Hakusema kitu."

"Angesema, ungemkubalia?"

Mwalimu alifunga daftari. Machozi yalimjia na hakuyaficha.

Asubuhi aliliambia darasa mambo yote, mwanzo hadi mwisho. Wale wanane waandike upya, watetee upande wanaoutaka, ila kurasa zionekane. Na siku nyingine wakimsikia anajipinga, wamwambie. Kisha akamuuliza binti mama yake anafanya kazi wapi.

Saa tisa alasiri alikuwa kwenye foleni ya posta, dirisha la pili.

"Karibu. Barua au kifurushi?" karani akauliza bila kuinua uso, kisha akauinua. "Mwalimu? Binti yangu amekukosea?"

"Mimi ndiye niliyekukosea wewe." Akalipitisha daftari chini ya kioo, kidole kikiwa kwenye ile penseli.

Karani akaifunika haraka kwa kiganja, mwanamke mzima wa miaka arobaini na nne. "Nilisahau kuifuta."

"Nashukuru ulisahau. Ulikuwa sahihi, nami nikakupa kumi na nane kwa kurudia kosa langu. Nisamehe."

"Yalishapita, Mwalimu wangu."

"Hayajapita. Siku ile nilipaswa kukuuliza jambo moja tu. Alikuwaje, mama yako?"

Mzee aliyekuwa nyuma na kifurushi chake akakohoa. Karani aliitazama foleni, akalitazama daftari. Akachukua kibao cha Dirisha Limefungwa, akakisimamisha mbele ya kioo, akavuta kiti.

"Alikuwa anaandika barua kila mwezi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa natumwa posta kuzichukua."