Jipu la Noemi na Plagi Zisizo Zake

Kwa miaka kumi na tisa Noemi Arbeláez alipandisha watu na magunia kwenye mashamba ya kahawa juu ya mji wa Pijao, kwa gari aina ya jipu la marehemu baba yake. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata chakula alikila amesimama.

Jumamosi ile alimpakia jirani yetu Ubaldina, aliyekuwa akipeleka kanisani keki ya harusi ya binti yake. Nyuma tulibanana watu saba na mifuko ya mbolea. Kwenye mlima wa pili injini ikaanza kugonga, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Noemi akasimama, akageuza ufunguo kuizima. Injini ikaendelea kukohoa yenyewe, kisha ndipo ikanyamaza.

"Plagi hizi za kuwashia si za injini hii," alisema. "Kaka yangu kanifungia juzi, eti zinafanana. Zinabaki nyekundu kama makaa. Petroli inashika moto kabla ya cheche, pistoni bado inapanda."

"Mwanangu, sikuja kusomea ufundi," Ubaldina akamkata. "Krimu inayeyuka!"

"Na pistoni nayo itayeyuka, mama."

"Tangu lini jipu likafa kwa kikohozi?" mzee Saulo akadakia kutoka nyuma. Tukacheka. Mimi pia nilicheka.

Noemi alilizunguka jipu, akafungua boneti, akafunga, akaitazama barabara, akaitazama keki. Injini ilihitaji saa nzima ipoe. Tulimpa dakika kumi. Akaingiza gia ya kwanza.

Hatukumaliza mita mia tatu. Ulisikika mlio mmoja mkavu, moshi wa bluu ukafuka, nguvu zikaisha, jipu likaanza kurudi nyuma kuelekea bondeni. Breki hazikutosha kulishika.

"Jiwe! Wekeni jiwe!" Noemi alipiga kelele, miguu yote miwili juu ya breki.

Saulo, yule yule wa mzaha, ndiye aliyeruka na kulikingia gurudumu jiwe.

Keki tuliibeba kwa kupokezana hadi kanisani. Noemi hakuja. Jumatatu kaka yake alipofungua injini, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

"Sikujua, dada."

"Mimi nilijua," Noemi akajibu, "na bado nikaendesha."

Wiki sita alisubiri pistoni nyingine, akitembea uani ukuta hadi ukuta. Ilipofika aliifunga mwenyewe, pamoja na plagi za jipu lenyewe, alizozikagua namba moja moja.