Mashine ya Kula

Jirani yetu wa ghorofa ya chini huunda mashine za kupigia kura, na ulimi wake haujawahi kuelewana na herufi R. "Habali za asubuhi," hutusalimia, wala hakuna anayecheka, tumeshamzoea. Ana mikono ya mtu mwangalifu. Skrubu huzikaza kwa vidole viwili tu, kisha huinama na kuutegea mfuniko sikio, kama daktari kwenye kifua cha mtoto.

Jumamosi alituletea mashine moja uani ili atutoe wasiwasi, maana mtaa mzima unaapa kwamba vitu hivyo vinaiba. Akapangusa kioo kwa mkono wa shati, akakohoa, akasema kwa ile sauti yake ya upole: "Ndugu zangu, hii haijui chama wala mtu. Yenyewe kazi yake kula tu." Uani pakalipuka. "Kakiri mwenyewe!" akapiga kelele fundi cherehani. Jirani kijasho kikamtoka. "Sikilizeni basi! Nasema kula! Kula zenu zote zinaingia humu, hazitoki!" Shangazi yangu alikuwa ameshakaa chini kwa kicheko. "Mwacheni, jamani, angalau huyu hafichi." Maskini, akaanza kukunja nyaya zake. Hapo dirisha lao likafunguka, na mkewe, asiyejua hili wala lile, akaita: "Baba Mapacha! Wenzio tuko mezani, njoo kula!"

Fundi cherehani akatugeukia taratibu. "Mmesikia? Mgao umeanza."