Wote Waliulizia Betri

Tangu tununue lile gari la umeme, sijakutana na mtu mwenye swali jingine. Mafundi wa Gerezani, betri. Wakwe zangu, betri. Mpaka yule wa ushuru wa maegesho: "Dada, hii ya Mchina, betri inadumu kweli?" Nawajibu wote kwa mpigo: inadumu. Mwaka na zaidi tumelivusha kwa pantoni, Magogoni kwenda Kigamboni, kupeleka mapazia na mashuka kwa wateja, tukarudi, na betri haikutuangusha hata siku moja. Kama mnataka kusikia hilo tu, ishieni hapa, nendeni mkanunue.

Tulilinunua likiwa limeshatumika hukohuko China, maandishi yote ya kwao. Ili tulipate, niliachia fremu yangu ya duka Kariakoo. Muuzaji wa yadi ya magari alituonyesha gari lote akisifia kila kitu, alipofika kwenye kiyoyozi akanigeukia mimi. "Mama, hili halingurumi. Unashuka dukani, mtoto unamwacha kalala kwenye ubaridi, hata hashtuki." Nilikuwa nimembeba binti yetu mgongoni, jasho lake na langu vimeshikana. Hapo ndipo aliponipata.

Kitabu cha maelekezo kilikuwepo, kinene, cha Kichina. "Gari ni gari," akasema. "Bonyeza rimoti, linafunguka. Bonyeza, linafunga. Mnataka shule ya nini?" Mume wangu akacheka. Na mimi nilicheka, nisijitakase.

Baada ya mwaka, skrini ikaanza kuleta maandishi ya njano kila asubuhi. Mume wangu anayagusa, yanaondoka. Nikamuuliza yanasemaje.

"Linakuamkia."

"Marahaba," nikaliitikia.

Ukawa mzaha wetu. Wiki tatu tunaliitikia gari marahaba! Na Kariakoo Wachina wa maduka ya jumla wamejaa, mapazia yenyewe nachukua kwa mama mmoja wa Kichina anayeongea Kiswahili cha sokoni kuliko hata wifi yangu. Haikutujia akilini kumwonyesha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, jua la kupasua. Niliegesha mbele ya duka la huyohuyo mama. Binti yangu, miaka miwili na nusu, amelala siti ya nyuma, kiyoyozi kinapuliza. Nikashuka, nikafunga kwa rimoti, maana Kariakoo huachi gari wazi. Nikachagua mapazia haraka haraka, nalipa, natoka na furushi. Gari limezima. Skrini nyeusi.

Nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Vitasa vya lile gari vimezama ndani ya mlango, vinachomoza vyenyewe likifunguka. Havikuchomoza. Nikawa napapasa bati kama kipofu, hakuna pa kushika.

Akaamka. Nilimwona anakaa, ananitafuta, ananiona. Akanyoosha mikono nimchukue, kama anavyofanya kila siku. Sikumchukua. Akaanza kulia, na kile kioo ni kizito, sauti yake haikunifikia. Mdomo tu.

Watu wakajaa. "Vunja kioo!" "Pigia fundi!" Baba mmoja mwenye mfuko wa viatu akasema, "Msivunje jamani, vioo vya magari haya mjini havipatikani."

"Mtoto humuoni?"

"Mi nashauri tu, dada."

"Kamshauri mama yako!"

Nikanyakua jiwe la mizani la muuza vitunguu, nikapiga kioo cha nyuma kwa nguvu zangu zote. Kikafanya doa jeupe, basi. Binti yangu akajirudisha kwenye kona ya mbali, ananiogopa mimi. Wengine watasimulia joto. Mimi kinachonikaa ni hicho.

Yule mama wa Kichina akatoka dukani kwake mbio. "Mama, leta funguo."

"Haifanyi kazi! Imekufa!"

Akaninyang'anya rimoti, akaminya ubavuni, akachomoa kiufunguo cha chuma, chembamba, kama cha kufuli la sanduku. Akabandua kifuniko kidogo kando ya kitasa cha dereva. Kumbe pana tundu. Akazungusha, mlango ukafunguka kama wa gari lolote la zamani, nikarukia siti ya nyuma.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu muda wote. Niliubeba mwaka mzima.

Tulimmwagia maji, akanywa, akapoa, akalala begani. Fundi mmoja akalibusti gari kwa waya kutoka gari jingine, skrini ikawaka, na yale maandishi ya njano yakarudi. Yule mama akayasoma. "Betri ndogo bovu. Badilisha." Ile ndogo ya kawaida, inayolisha vitasa na skrini; ikifa, gari lote linazima hata kama ile kubwa imejaa. Inauzwa Gerezani kila kona.

Nikampigia yule wa yadi. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sasa dada, si mtoto mzima? Ile ya ufunguo kila mtu anaijua." Nilichomjibu hakiandikiki.

Betri ndogo tukabadilisha. Mimi gari sikulipanda tena, na mume wangu akakubali tuliuze. Wiki iliyopita akaja bwana mmoja na mkewe mjamzito. Bwana akaanza: betri inafika wapi? Mume wangu akamwaga sifa, zote za kweli. Mkewe akawa anapapasa lile doa kwenye kioo.

"Hapa vipi?"

"Kokoto," mume wangu akadakia. Akaniinamia sikioni: "Mama watoto, usiniharibie."

Nikampa yule dada mjamzito rimoti. "Fungua."

Akabonyeza, likafunguka. Nikalifunga.

"Sasa fungua kama limekufa, na mwanao yuko ndani."

Nikamwonyesha pa kuminya, pa kubandua. Mara ya kwanza kiufunguo kilimponyoka, nikamwambia rudia. Akarudia mpaka mkono ukazoea. Mumewe akaangalia saa. "Sisi tulichouliza ni betri tu, shemeji." Akamwita mkewe, wakaaga, eti watapiga simu. Mume wangu akaingia ndani akabamiza mlango.

Getini yule dada akageuka. "Na mlango wa nyuma, nao una tundu?"

"Hauna," nikamwambia. "Ni wa dereva tu. Ukishafungua, ruka siti."