Faili Niliyoiacha Nyuma

Aliyenifundisha kazi ya seva alikuwa mtu wa kwetu Kilelengwani. Mashamba ya mama zetu yalipakana, basi nilimwita kaka bila hata kufikiri. Yeye ndiye aliyeniombea kazi katika chama cha wafugaji pale Garsen, akanikalisha mbele ya kompyuta na kunionyesha namna seva inavyopokea maombi ya watu na kuwapa kurasa wanazozitaka. Alipopata kazi Hola aliniachia kila kitu: ufunguo wa ofisi, nenosiri, na daftari la maelezo aliloliandika kwa mkono wake.

"Ukikwama nipigie," aliniambia. "Usione haya."

Miaka minne nilimpigia. Hakunijibu kwa ukali hata siku moja.

Tovuti yetu ilikuwa ndogo. Siku za mnada, ratiba ya chanjo, hali ya malisho upande wa Minjila, hayo yote yalikuwa wazi kwa yeyote. Ukurasa mmoja tu ulifungwa kwa nenosiri. Tuliuita ukurasa wa dharura. Mwanachama aliyefikwa na shida, labda ana mgonjwa au ng'ombe wake wameishiwa nguvu kwa ukame, alituletea habari nasi tukaiandika humo, ili kamati impe nafasi ya mbele mnadani na imtafutie mnunuzi mwaminifu. Watu walitueleza mambo wasiyomweleza jirani.

Mwaka huo mfumo endeshi wa seva ulikuwa umezeeka hadi ukaacha kupokea marekebisho ya usalama. Ilibidi tuhamie toleo jipya. Nilichagua Jumatatu, siku isiyo na mnada, nikachukua nakala ya kila kitu kwenye diski ya pembeni, nikaanza asubuhi. Kusakinisha toleo jipya hakukuwa tabu. Tabu ilikuja baadaye, seva ilipogoma kuwaka. Programu ya kutoa kurasa nayo ilikuwa mpya, na haikuelewa tena maagizo yetu ya zamani. Hasa pale palipoandikwa nani aruhusiwe kuingia na nani azuiwe, maneno yote yalikuwa yamebadilika. Nikawa naandika upya mstari mmoja, nawasha, inakataa, nasoma kosa, narekebisha, nawasha tena. Saa nane mchana ikakubali. Nikafungua siku za mnada, zikaja. Chanjo, ikaja. Dharura, ikaniuliza nenosiri. Nikafunga ofisi nikaenda kula.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Toleo jipya halikusoma faili yoyote ya mipangilio mpaka jina lake liishie na herufi fulani. Faili tatu nilizozijua nilizibadilisha majina. Ya nne sikuitambua, wala haikuwamo kwenye daftari. Nikadhani ni takataka ya zamani, nikaiacha.

Kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya mnada, kaka akanipigia. Kwa kawaida mimi ndiye niliyempigia.

"Habari ya kazi, dadangu?"

"Nzuri, kaka. Jana nimehamisha seva. Imenitoa jasho, lakini imesimama."

"Nimeona, hongera. Ila kuna faili moja umeisahau, ya nne pale. Ibadilishe jina tu, uwashe tena."

"Ya nini hiyo?"

"Ya majaribio tu. Ukiiacha italeta shida mbele."

Nikamshukuru. Nikakaa kwenye kiti nikijiona mwenye bahati, mtu ana kazi zake Hola na bado anaiangalia yangu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika jina jipya la faili mkono uliposita. Nenosiri la seva nilikuwa nimelibadilisha zamani. Aliye nje hawezi kuona faili zilizomo ndani. Anachoweza kuona ni kwamba mahali alipozoea kuingia hapaingiliki tena.

Nikaifungua. Ilikuwa na mistari minane. Iliupa ukurasa wa dharura jina la pili, refu, ambalo mtu hawezi kulibahatisha, na ikamruhusu mgeni kutoka anwani moja tu ya mtandao kuingia bila nenosiri. Nikatafuta anwani ile kwenye kumbukumbu za wageni, ambamo seva huandika kila anayeingia. Ilikuwepo kila mkesha wa mnada, wiki baada ya wiki, mpaka kumbukumbu zilipoishia.

Nikamkumbuka mama mmoja mjane, mfugaji kutoka Minjila, aliyekuja ofisini miezi michache nyuma.

"Ile mtu ya kununua ng'ombe alijua mtoto yangu iko hospitali," aliniambia. "Alingoja mpaka wanunuzi wengine wameenda, sasa mimi nikauza vile yeye anataka. Nani ameambia yeye? Mimi nimeambia nyinyi tu, na wifi yangu."

Nami nikamwambia, kwa kinywa changu hiki, "Mama, huku kwetu hakutoki neno."

Nikapiga simu Hola.

"Kaka, hii anwani ni ya nani?"

"Ni rafiki yangu, ananunua mifugo. Hakuna aliyeibiwa, dada. Watu waliuza kwa hiari yao."

"Walijua kwamba anawasoma?"

"Hii kazi niliyonayo yeye ndiye aliyenitafutia. Ningemkataliaje? Iwashe tu, nitamwambia aache polepole." Kisha sauti yake ikabadilika. "Kwani wewe nani amekufundisha kazi?"

Nikakata simu. Sikulia pale. Nililia nilipolifungua daftari lake nikaona alivyoeleza kila faili kwa mwandiko mzuri, hata zile zisizo na maana, isipokuwa ile moja. Siku zote nilizompigia akaacha shughuli zake kunisikiliza, sijui ni zipi alizokuwa akinisaidia na ni zipi alizokuwa akichunga mlango wake.

Nilichapisha mistari ile minane nikaipeleka kwa kamati. Mwenyekiti alitaka tuufunge ukurasa, tunyamaze, chama kisivunjike. Nilimwambia kunyamaza siwezi. Kwenye mkutano wa wanachama nilisimama nikaeleza. Mzee mmoja akaniuliza, "Miaka minne wewe ulikuwa unalinda nini?" Wengine hawakurudi tena kutueleza shida zao.

Yule mama hakuwa amefika mkutanoni, kwa hiyo nilimfuata Minjila. Nikamkuta anakamua. Nilimweleza polepole, kwa maneno mepesi, kwamba habari ilitoka kwetu, kwamba sikujua, na kwamba nilimhakikishia jambo ambalo sikuwa nimelichunguza.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si wifi yangu," akasema.

"Si yeye, mama."

"Mimi nimetukana yeye mbele ya watu. Watoto yake nimekataza kuja hapa."

Niliomba msamaha. Alifunika maziwa, akajitanda mtandio wake, akaelekea nyumba ya tatu kutoka kwake. Nilimwona akisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kupiga hodi.