Ndevu na Vumbi la Mfupa

Mfupa ukisuguliwa kwenye mashine hunuka kama jino linalotobolewa na daktari. Harufu hiyo niliishi nayo karibu miaka mitatu, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika karakana moja ya visu kule Pinetown, nje kidogo ya Durban, Afrika Kusini. Asubuhi nilipanda taxi kutoka Point, mtaa wa Durban tulikopanga chumba, na jioni mke wangu alinifungulia mlango huku amegeuza uso pembeni.

Kwenye mipini tulikuwa wawili: mimi, niliyetoka Bukavu, na Mrundi mmoja aliyenizidi miaka kama kumi na mitano. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikata mifupa ya ng'ombe, na pembe zenye matawi za wale paa wa nchi za baridi, tukazisugua mpaka zikae vizuri mkononi. Vumbi lake ni jeupe, laini kuliko unga wa muhogo.

Mwenye karakana, mzungu wa makamo, alitufundisha siku ya kwanza. Mfupa uloweshwe kila mara. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo, lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Akampa kila mmoja wetu maski ya mpira yenye vichujio viwili, kisha akamtazama mwenzangu, ambaye ndevu zake zilifika kifuani.

"Hizo lazima zinyolewe," akasema kwa Kiingereza. "Maski haishiki juu ya ndevu. Vumbi linapita pembeni."

"Hapana, bosi," mwenzangu akajibu kwa upole.

Mchana tukila mkate nikamuuliza, "Mukubwa, ni mambo ya dini?"

"Hapana, mdogo wangu. Mke wangu tulipotezana njiani tukikimbia vita. Nilisema sitanyoa mpaka nijue iko wapi."

Bosi alibishana naye siku mbili tatu, akachoka. Mimi sikumsihi hata mara moja. Na nilifanya baya zaidi. Kulowesha mfupa kulituchelewesha, nasi tulilipwa kwa kila mpini. Bosi akitoka, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusukuma beseni la maji chini ya meza. Mwenzangu alinitazama, kisha akasukuma lake. Maski yangu ilinibana mpaka ikaniachia alama mashavuni. Yake ilielea tu juu ya ndevu.

Kikohozi kilianza mwaka wa pili. Hospitali walidhani ni kifua kikuu, akameza dawa miezi mingi bila nafuu. Daktari mwingine ndiye aliyemuuliza anafanya kazi gani. Alipotaja mfupa, daktari akaweka kalamu chini.

Wiki hizohizo shemeji yake akapiga simu kutoka kambi moja ya wakimbizi ya Kigoma, kwenye duka la simu la Mkongomani pale Point. Mke alikuwa amefariki kambini, kabla mumewe hajafika hata Durban. Siku zote zile alikuwa akimngojea marehemu.

Kesho yake alikuja kazini amenyoa. Uso ulikuwa mdogo, taya limepauka. Akavaa maski, akavuta mikanda, akavuta pumzi.

"Sasa inashika," akasema.

Nikageukia mashine yangu.

Bosi alimtoa kwenye vumbi, akampeleka kufunga visu kwenye maboksi. Hakumaliza mwezi huko. Kutoka getini mpaka mlangoni alisimama mara tatu kutafuta hewa.

Mara ya mwisho nilimkuta wodini, ameketi kwa sababu akilala anazama. Alizungumza maneno mawili mawili.

"Wewe… unalowesha?"

"Ninalowesha, mukubwa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu sahihi. Asubuhi ile ile nilikuwa nimesugua mipini kumi na minne mikavu.

Tulimzika watu tisa, siku ya baridi yenye upepo. Bosi alikuja, akasimama nyuma na kofia mkononi, akaondoka kabla ya sala kwisha. Shemeji hatukumpata, kambini walisema amehamishwa. Niliendelea na kazi ile mwaka mzima mwingine, na yale niliyomjibu pale kitandani sijamwambia mtu, hata mke wangu.